Asikari Aliyemaliza Kazi, Akae Wapi?

Maneno ya moniteri wa kilimo kwa watu wa vijiji vya inchi ya madini



Mimi ni moniteri wa kilimo. Wengi wenu mngeweza kunizaa. Sikuja kufundisha wakubwa namna ya kuishi. Nimekuja kusema juu ya udongo, maji na mbegu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa. Sikilizeni, kisha mpime wenyewe.

Habari ya leo ni hii. Mtu amevaa nguo za asikari miaka mingi. Siku moja anazivua. Anapewa karatasi yake na fedha yake ya mwisho, anafunga mizigo, anatoka kambini na mke na watoto. Kila siku wakubwa walimwambia pahali pa kulala. Sasa hakuna anayemwambia. Anajiuliza: Nitakaa wapi?

Wengi wanajibu swali hili kwa siku moja. Wanafuata macho. Wanaona taa za mgodi usiku, wanaona barabara na soko, wananunua lupango, wanajenga nyumba ya bati. Baadaye wanatafuta shamba, hawalipati. Fedha imekwisha, na jembe halina pa kulima.

Mimi nasema: Anza kwa shamba, maliza kwa nyumba. Nyumba inasimama pahali popote. Mahindi hayaoti pahali popote.

I. Jambo hili si jipya

Zamani, toka mwaka 1885 mpaka mwaka 1960, asikari wa Kongo waliitwa asikari wa Force Publique. Walikwenda mbali sana. Mwaka 1916 waliingia Tabora. Mwaka 1941 walipigana katika inchi ya Abisinia mpaka Saio. Asikari alikuwa na kontra ya miaka 7. Alipoimaliza, wengi hawakurudi kwa baba zao. Walijenga karibu na kambi na boma. Mwaka 1931 serkali ya wakati ule iliweka sheria kwa ajili ya miji ya watu waliokaa mbali na mashefu wao.

Kwa nini hawakurudi? Walikuwa wameoa mbali. Wazazi wao wengine walikuwa wamekufa. Shamba la zamani lilikuwa na mtu mwingine. Watoto hawakujua luga ya babu yao. Sababu hizo ziko hata leo. Kwa hiyo msimcheke asikari asiyejua pa kwenda. Msaidieni kuchagua.

II. Njia tatu

Njia ya kwanza ni kijiji cha baba yako. Huko jina lako linajulikana, na ukiwa na ugonjwa utapata watu. Lakini usifikiri kwamba shamba linakungoja. Nenda kwanza peke yako, ukae majuma mawili. Uliza: Nani analima sasa pahali pa baba yangu? Atakubali kuniachia, ao nitapewa pori jipya? Majibu usiyachukue kwa barua. Yasikie mbele ya wazee.

Njia ya pili ni kijiji cha mke wako. Watu wengi wanaona haya. Haya hiyo haijazi tumbo. Kwa Walamba na Wabemba ni desturi ya zamani mume kukaa kwa wakwe, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa Waluba wa Katanga mtoto ni wa ukoo wa baba. Fikiri vema juu ya desturi hii, kwa maana shamba litakwenda kwa nani siku utakapokufa? Ukikaa pahali ambapo mrithi ni mtoto wa dada yako, watoto wako mwenyewe watakwenda wapi? Ulizeni neno hili mkiwa wazima. Likiulizwa siku ya matanga linaleta vita.

Na mkaaji mgeni akumbuke methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asikari anayekaa kwa wakwe akitoa amri kama yuko kambini, hatadumu. Akilima pamoja nao, watamwita mwana wao.

Njia ya tatu ni karibu na mgodi ao mji mkubwa. Huko kuna shule, hospitali na soko. Mtu mwenye kazi ya mikono, kama fundi wa motokari ao seremala, anaweza kupata chakula huko. Lakini mtu anayetaka kulima aangalie mambo nitakayosema katika sehemu ya tano.

III. Alama za udongo

Udongo wetu mwekundu unadanganya macho. Msitu ni mzuri, lakini nguvu iko juu tu, katika majani yaliyooza. Ukikata miti na kuchoma, utavuna vema mwaka wa kwanza na wa pili. Kisha udongo unachoka.

Angalia alama hizi:

1. Miti mirefu na minene, na majani mengi yaliyooza chini, ni alama njema.

2. Nyasi ngumu zenye ncha kali, pahali pote, bila miti, ni alama ya shamba lililochoka. Mwenyewe aliliacha kwa sababu.

3. Vichuguu vikubwa vya mchwa ni mali. Udongo wake una chokaa na nguvu kuliko udongo wa kando. Panda mahindi na maboga juu yake, ao chukua udongo wake utawanye shambani.

4. Uwazi juu ya kilima, bila miti, wenye majani mafupi yenye maua ya rangi ya samawi, uogope. Maua yale yanapenda udongo wenye shaba. Wazee waliotafuta shaba walijua alama ile. Mahindi hayapendi shaba. Tena, siku moja watu wa madini watafika pale.

5. Chimba shimo mpaka kiuno. Ukikuta mwamba mwekundu mgumu kabla ya kufika magotini, hama. Mizizi haitapita.

Sasa tupime ukubwa wa shamba. Nyumba ya watu 6, kila mtu akila nusu kilo ya unga kwa siku, inataka kilo 3 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 1095, karibu mifuko 11 ya kilo 100. Katika udongo uliochoka, bila mbolea, hekta moja ya mahindi mara nyingi haitoi tani moja. Basi hekta moja haitoshi. Na shamba likilimwa miaka mitatu linataka kupumzika. Kwa hiyo omba pahali pa kulima leo, na pahali pa kulima kesho. Asikari anajua kupima kwa hatua: hatua kubwa mia moja kwa hatua mia moja, ndiyo hekta moja.

IV. Maji

Hili ni neno kubwa. Katika inchi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mvua zinakwisha mwezi wa nne. Miezi ya kiangazi ni mirefu. Kijito kinachopiga kelele mwezi wa pili kinaweza kuwa mchanga mkavu mwezi wa kumi.

Kwa hiyo angalia pahali mara mbili. Mara ya kwanza uende mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Ukikuta maji siku hizo, maji yapo mwaka mzima. Mara ya pili uende mwezi wa pili, katikati ya mvua. Utaona kama njia inapitika, kama daraja linasimama, na kama bonde linafurika mpaka pahali pa nyumba.

Mchukue mke wako. Ni yeye atakayebeba ndoo. Wewe unaona mto kwa macho. Yeye anaupima kwa shingo yake. Akisema maji ni mbali, ni mbali.

Bonde lenye nyasi na unyevu, ambalo wengi wanaliita dembo, ni zuri kwa bustani ya kiangazi: lengalenga, kabichi, nyanya na vitunguu. Lakini usijenge ndani yake. Jenga juu kidogo. Na choo kiwe upande wa chini wa kisima, hatua 30 ao zaidi.

V. Mgodi

Msinielewe vibaya. Mgodi unaleta kazi, na kazi inaleta fedha ya kununua mboga zenu. Mkulima anayekaa mwendo wa siku moja toka mgodi, na njia ikiwa nzuri, anauza vizuri. Hatari ni kukaa mlangoni mwake.

Hatari ya kwanza ni kufukuzwa. Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 mtu mmoja alichimba katika lupango yake akakuta madini ya kobalti. Majirani wakachimba pia, hata chini ya nyumba zao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, na watu waliokaa pale wakahamishwa.

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inasema kwamba mwenye haki ya kuchimba amlipe mwenye shamba ao nyumba iliyoharibiwa. Ni vema. Lakini watakaohesabu miti yako hawatahesabu miaka uliyongoja mwembe uzae. Na mtu wa miaka sitini hafyeki pori jipya kama kijana.

Hatari ya pili ni maji na vumbi. Mwaka 2009 waganga wa Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kazi yao: walipima mkojo wa watu wa Katanga, wakakuta kobalti nyingi sana kwa wale wanaokaa chini ya kilometa 3 toka mgodi ao kiwanda. Watoto walikuwa nayo hata kuliko wakubwa. Madini haya yanaingia kwa maji, kwa vumbi, na kwa mboga zilizopandwa katika udongo ule. Basi usichague shamba chini ya maji yanayotoka kiwandani, hata kama ni karibu na soko.

Kabla ya kujenga, uliza ofisi ya CAMI, yenye karata za mipaka ya madini. Iko pia Lubumbashi. Uliza: Pahali hapa pana kampani iliyoandikwa? Pori linaweza kuwa kimya leo, kumbe lina mwenyewe katika karata.

VI. Ruhusa

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliweka ardhi yote ya Kongo kuwa mali ya serkali. Lakini katika vijiji, shefu na wazee ndio wanaojua nani analima wapi. Usichague upande mmoja na kudharau mwingine. Fanya hivi:

Kwanza, nenda kwa shefu na desturi yako mkononi. Omba mbele ya wazee, si usiku peke yako.

Pili, zungukeni mipaka kwa miguu, wewe, shefu, na majirani wote wa kando. Jirani asipokuwapo, mngoje. Jirani aliyesahauliwa leo ni mshitaki wa kesho.

Tatu, andikeni karatasi: jina, mto, kilima, hatua, siku ya mwezi, na mashahidi. Kila upande ushike moja.

Ine, ukitaka hati ya serkali, nenda ofisi ya ardhi. Wao watafanya uchunguzi wa kuona kama ardhi haina mwenyewe. Usitoe fedha bila risiti.

Jina la mke wako liandikwe pia katika karatasi. Wajane wengi wa asikari wamefukuzwa kwa sababu karatasi ilikuwa na jina moja tu, na jina hilo lilikuwa la marehemu.

VII. Mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza ndio unaovunja watu. Ukifika mwezi wa sita, mavuno ya mahindi makavu ni mwezi wa nne unaofuata. Ni siku kama 300. Kwa kilo 3 kwa siku, ni kilo 900, ndiyo mifuko 9. Weka fedha ya mifuko hii kwanza. Bati litangoja. Nyumba ya majani yenye bukari ndani ni bora kuliko nyumba ya bati yenye njaa.

Mwezi wa sita mpaka wa tisa: fyeka, ng'oa visiki, na panda lengalenga bondeni. Haipiti miezi miwili utakula mboga yako.

Mwezi wa kumi: tayarisha udongo, tafuta mbegu. Vijiti vya mihogo uvikate kwa miti yenye majani mazima. Yaliyokunjamana yana ugonjwa.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikishika: panda mahindi, usipitishe katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Panda karanga na mihogo pia. Karanga zitakuja kwa miezi mine. Mihogo ni akiba, inataka mwaka ao zaidi, lakini ikifika, njaa haipigi hodi kwenu tena.

Mwaka wa pili, pahali pa mahindi panda karanga ao maharagwe. Yanarudisha nguvu kidogo katika udongo.

VIII. Neno la mwisho

Ndugu asikari, kambini hamkulala pahali bila mtu kwenda mbele kuangalia maji, njia na adui. Kwa usiku mmoja tu mlifanya hivyo. Sasa mnachagua pahali pa maisha yote, na pahali pa kaburi. Je, mtachagua bila kutuma mtu mbele?

Na ninyi wenye vijiji, mpokeeni mtu huyu. Mikono yake ina nguvu bado. Amezoea kuamka mapema. Mkimwonyesha pori baya, atashindwa, ataketi chini akiomba kwenu. Mkimwonyesha udongo mwema, mtapata mtu mmoja zaidi wa kutengeneza njia na kulinda mashamba.

Anayetaka, aniite. Nitakwenda naye porini na jembe, tutachimba shimo mpaka kiuno, na tutaona pamoja kama udongo unamkubali.