Redio Haikufundisha Peke Yake



Kila zana mpya ya kufundishia inapoingia nchini huja na ahadi ileile: kwamba sasa elimu itamfikia kila mtu mzima, popote alipo, kwa gharama ndogo. Ahadi hiyo iliwahi kutolewa juu ya redio. Leo inatolewa juu ya simu ya mkononi, juu ya kishikwambi, na juu ya akili unde inayojibu swali kwa Kiswahili katika muda wa kufumba na kufumbua. Ahadi hiyo si ya uongo. Lakini ina masharti yake, na historia ya Tanzania imekwisha kuyaonyesha masharti hayo waziwazi.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1973, ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wengi husema kampeni ile ilifaulu kwa sababu ya redio. La hasha. Redio ilikuwa mguu mmoja tu wa kigoda. Mguu wa pili ulikuwa kitabu chepesi kilichoandikwa kwa ajili ya mtu aliyeanza kusoma jana. Mguu wa tatu, na ndio uliobeba uzito mkubwa, ulikuwa kikundi chenye kiongozi aliyeandaliwa. Viongozi hao walikuwa maelfu kwa maelfu. Kila wiki wanakikundi walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana juu ya malaria au kichocho kama walivyokuwa wanaviona kijijini mwao, kisha wakaamua la kufanya. Majadiliano yaliishia kwenye jembe: choo kikachimbwa, majani yakafyekwa, kisima kikasafishwa. Kipindi kilichosikilizwa na mtu mmoja jikoni kwake kisingechimba choo.

Kwa mintarafu hiyo, swali la kuuliza leo si kama simu ina nguvu kuliko redio. Nguvu inayo. Redio husema mara moja ikanyamaza. Simu hurudia somo mara kumi bila kuchoka, huonyesha picha ya fundi akiunga waya, na huweza kumsomea kwa sauti mtu asiyejua kusoma. Swali ni hili: miguu mingine miwili ya kigoda iko wapi?

MIFANO ILIYOPO

Iko mifano inayoonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Mwaka 2016 VETA, kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Airtel, ilianzisha programu ya VSOMO. Mwanafunzi husoma nadharia ya ufundi kwa simu yake, lakini hapewi cheti kwa kusoma tu. Sharti afike kituoni, ashike nyundo na bisibisi mbele ya mwalimu. Mpango huo umetambua ukweli ambao kila fundi anaujua, kwamba mkono haufundishwi na kioo.

Mfano wa pili unawahusu walimu wenyewe. Katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, moduli hupatikana katika mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini walimu hutakiwa pia kukutana shuleni na kujadili matatizo ya madarasa yao. Aidha, baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Zana basi zipo. Hata hivyo, pale ambapo moduli inafunguliwa na mkutano haufanyiki, kinachobaki ni orodha ya majina na saini. Mwalimu atakuwa amesoma juu ya kufundisha darasa kubwa, na kesho yake atasimama peke yake mbele ya darasa lilelile kubwa.

HATARI YA UPWEKE

Hatari ya zana mpya ni kwamba zinamfundisha mtu katika upweke. Mathalani, watumishi wa umma hupanga malengo yao na kutathminiwa utendaji wao ndani ya mfumo wa PEPMIS. Mtumishi anayejua kazi yake kwa miaka thelathini, lakini hajafundishwa mfumo, huona aibu kuuliza. Humpa kijana wa ofisini nywila yake, akajaziwa. Siku hiyo tathmini ya mtu mzima imeandikwa na mkono mwingine, na akionewa hatajua alionewa wapi. Huyo si mvivu. Ni mwanafunzi aliyenyimwa darasa.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa akili unde. Mashine hiyo hutunga jibu kwa kukisia maneno yanayoelekea kufuatana, na huweza kusema jambo lisilo kweli kwa lugha fasaha na kwa uhakika mkubwa. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huheshimu kilichoandikwa. Akiambiwa kipimo cha dawa ya pamba kisicho sahihi, atakwenda nacho shambani. Lakini jibu hilohilo likisomwa katika kikundi, mmoja ataleta kibandiko cha chupa ya dawa, mwingine atamwita bwana shamba, na kosa litaonekana kabla halijafika kwenye mimea. Kikundi ndicho kinga.

LA KUFANYA

Jambo la kwanza ni muda. Agizo la Waziri Mkuu la mwaka 1973 lilitaka mahali pa kazi pawe na mipango ya elimu ya wafanyakazi. Shabaha yake haijazeeka. Mafunzo yanayoachwa kwa usiku, na kwa bando la mfanyakazi mwenyewe, si mafunzo. Ni kumtwisha mzigo. Jambo la pili ni kiongozi wa kikundi: mtu wa hapohapo kazini, aliyefundishwa kuuliza na kusikiliza, si kuhutubia. Jambo la tatu ni somo lililopakuliwa mara moja na kutumiwa na wengi, kwa Kiswahili cha kazi wanayoifanya. Jambo la nne ni tendo. Kila somo lifike mwisho kwa kazi inayoonekana.

Ikumbukwe pia kwamba elimu ya watu wazima ikiachwa hurudi nyuma. Jaribio la kitaifa la mwaka 1986 lilionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta zaidi ya wawili katika kila kumi. Vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa, lakini mwelekeo hauwezi kufichwa. Redio hazikuzimika katika miaka hiyo, ziliongezeka. Vilivyopungua ni vikundi, viongozi wao, na vitabu vyepesi mikononi mwa watu.

Hapana budi basi, kabla ofisi au shule haijaagiza chombo kingine, ihesabu kwanza vikundi vyake vya kujifunza. Kama havipo, fedha ya kwanza itumike huko.