Kiapo Mbele ya Wazee Hakitoshi: Pombe, Ndoa na Vikao Vyetu vya Usuluhishi

Mada kwa semina ya wasimamizi wa ndoa, viongozi wa dini na wajumbe wa serikali za mitaa, Mbezi Luis, Manispaa ya Ubungo



Nimeombwa kuzungumzia madhara ya ulevi katika ndoa. Madhara yenyewe mnayajua, maana ninyi ndio mnaogongewa mlango saa nane za usiku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muda niliopewa nitazungumza juu yetu sisi tunaoitwa kusuluhisha. Naamini ndoa nyingi za wanywaji zinavunjwa na pombe ikisaidiwa na namna tunavyozisuluhisha. Tunaitisha kikao, mume anainamisha kichwa, anaapa kwamba hatarudia, mke anaambiwa avumilie kwa ajili ya watoto, soda zinanywewa, dua inasomwa, tunatawanyika. Wiki mbili baadaye simu inaita tena. Safari hii mume anaonekana muongo na mke anaonekana hana subira, nasi tunakaa tena kuuliza nani kamkosea nani.

Swali hilo tunaliwahisha mno. Kuna mengine ya kuuliza kwanza: ananywa nini, kwa pesa ya nani, kuanzia saa ngapi, na asipokunywa mwili wake unakuwaje.

Mahali tunapoishi

Wenzangu mliojenga hapa zamani mnaikumbuka Mbezi yenye giza, ambako ukichelewa gari la mwisho ulitembea kwa miguu. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alizindua kituo kikuu cha mabasi kinachobeba jina lake, na mabasi ya mikoani yaliyokuwa Ubungo yakahamia kwetu. Mwaka 2023 serikali ikaruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku. Stendi ikakosa usiku. Imeleta riziki kubwa kwa mama lishe, wakata tiketi, bodaboda, wabeba mizigo na wenye nyumba za kulala wageni, na sitakubali mtu aseme stendi ni laana. Ila kila penye watu wasiolala hufunguliwa grosari, na kila grosari inahitaji wateja wa kila siku. Mteja wa kila siku si abiria wa Mbeya anayepita mara moja. Ni baba wa Msakuzi, wa Makabe, wa Mpiji Magohe, anayeshuka kwenye gari la Kariakoo na kupumzika kidogo kabla ya kuunga gari la nyumbani. Mwingine bado yuko mjini, naye amempigia mkewe kumwambia anasubiri foleni ipungue. Foleni ya Morogoro Road inapungua saa tatu. Yeye anafika saa sita.

Tena wengi wetu tumetoka mikoani, na pombe tumekuja nayo kama sehemu ya heshima. Mchagga alikuwa na mbege, Mhaya rubisi, watu wa Iringa ulanzi, na mwenyeji wa Pwani mnazi. Sisemi kijijini hapakuwa na walevi; walikuwapo, na wake zao waliteseka. Lakini mbege ilichukua siku kadhaa kuiandaa, ilinywewa kwa sababu fulani, wazee wakiwapo, na ilipokwisha watu walikwenda nyumbani. Friji ya grosari haiishi. Siku hizi kamati ya harusi yenyewe hupima heshima ya ukoo kwa idadi ya kreti, na kijana anafunga ndoa akiwa ameshaonyeshwa kwamba bila bia hakuna shughuli. Hilo ni letu, tulirekebishe sisi.

Serikali nayo ilijaribu. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku, na mtakumbuka jinsi vijana wa vijiweni walivyokuwa wakifungua kiroba kwa meno saa moja asubuhi. Ilikuwa hatua njema, naiunga mkono hadi leo. Lakini aliyekuwa ameshazoea kuanza siku kwa kiroba alihamia kwenye chupa ndogo au kwenye gongo, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza mwili wake unadai nini.

Hela ya matumizi

Ugomvi wa pombe huanza mezani kabla ya kufika chumbani. Ukitaka kujua ndoa ya mnywaji imefikia wapi, omba kuona daftari la madeni la mangi, mwenye duka la mtaani. Kurasa za mwanzo zinasomeka vizuri: sukari robo, unga kilo mbili, mafuta ya kupima, sabuni kipande, na mwisho wa mwezi mstari mmoja mrefu wa kalamu umekata yote kuonyesha deni limelipwa. Endelea kufungua. Mistari inaanza kukata nusu ya ukurasa. Baadaye haikati kitu, na vitu vinazidi kuwa vidogo: chumvi, kiberiti, unga nusu. Mwandiko wa mangi unaonyesha tarehe ambayo nyumba ilianza kuyumba, mara nyingi miezi mingi kabla ya kofi la kwanza.

Tufanye hesabu, maana vijana wetu hawaifanyi. Bia tatu kwa siku, kila moja shilingi 2,000, ni shilingi 6,000. Kwa siku 30 ni shilingi 180,000. Bia nane ni karibu bei ya mfuko wa saruji. Mnaziona huku kwetu nyumba zilizosimama kwenye linta miaka na miaka, nyasi zimeota sebuleni. Zipo zilizokwamishwa na ugonjwa au kufukuzwa kazi, na wenye nazo wanastahili pole. Lakini zipo pia zilizonywewa.

Mume akiacha kutoa matumizi, mke anatafuta njia. Anaanza kuuza vitumbua, anajiunga na kikoba, na kikoba kisipotosha anakwenda kwenye mikopo inayoitwa kausha damu. Wakopeshaji wanakuja kuchukua televisheni na makochi, mume anarudi jioni anakuta sebule tupu, na kikao tunachoitiwa kinahusu "mke aliyekopa bila ruhusa". Nimesikia wazee wakimhukumu mama kwa mkopo huo bila kuuliza hata mara moja kwa nini alikopa. Tukifanya hivyo tunamkosea Mungu na tunamkosea yeye.

Mwili wa mnywaji

Hapa naomba tusikilizane, kwa sababu ndipo vikao vyetu vinapopotea zaidi.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi. Ini la mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Aliyeanza saa moja usiku akanywa chupa sita ameingiza gramu 120, na mwili wake utahitaji saa 12 au zaidi kuzimaliza. Saa moja asubuhi, anapowasha pikipiki kumpeleka mtoto shule, pombe bado imo. Kuoga, kahawa na supu ya utumbo haviharakishi kitu.

Anayekunywa hivyo kila siku kwa miaka, mwili wake huzoea. Asubuhi mikono inatetemeka, jasho linamtoka, kifua kinapiga, mpaka azimue kwa pombe nyingine. Mtu huyu tukimwapisha leo kwamba asiguse tena, naye kwa hofu ya wazee akaacha ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili au ya tatu akaanza kuona watu na wadudu wasiokuwapo. Nyumbani watasema ni mapepo au amelogwa, na wengine watamfungia ndani. Hali hiyo inaweza kuua. Inatibika hospitalini, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1, chini ya uangalizi. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu, mwelezeni mganga ukweli wa kiasi anachokunywa, ombeni rufaa; Hospitali ya Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Dua na maombi viendelee, lakini viende naye hospitali.

Mwaka 1984 daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alichapisha maswali manne mafupi ambayo hata mshenga anaweza kuyauliza kwa upole. Umewahi kuona kwamba unapaswa kupunguza pombe? Watu wamekuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako? Umewahi kujilaumu kwa ajili ya kunywa? Umewahi kuanza asubuhi na pombe ili utulie au utoe uchovu wa jana? Akijibu ndiyo mawili au zaidi, huyo ni wa kumwona mganga. Muulizeni akiwa peke yake, asubuhi, si mbele ya wakwe zake.

Lipo pia jambo la chumbani, tunalolionea haya. Pombe nyingi kwa muda mrefu hupunguza nguvu za mwanamume. Baadhi yao, badala ya kukubali, huanza kumshuku mke kwamba ana mchepuko. Mke anafuatwa, simu inapekuliwa, na tunaletewa kesi ya uzinzi isiyo na mzinzi.

Kipigo

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 2005 na kuhusisha Dar es Salaam na Mbeya, ulikuta asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mume au mwenza wameshapigwa au kulazimishwa ngono naye. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Tafiti za kitaifa zilizofuata zimeonyesha kwamba wanaoishi na waume wanaolewa mara kwa mara ndio wanaopata vipigo zaidi. Hata hivyo tusiipe pombe kosa lote. Mlevi huyo huyo akikutana na askari njiani anajua kunyamaza. Mkono unamponyoka akishafika kwake. Kwa hiyo "alikuwa amelewa" isikubaliwe kuwa utetezi kwenye kikao.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na kifungu cha 63 kinamwajibisha mume kumtunza mkewe. Katika kifungu cha 107, kinachotaja mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, ulevi haukutajwa kwa jina lake. Mahakamani utaingia kama ukatili au utelekezaji. Ndiyo maana daftari la mangi, fomu ya polisi ya matibabu (PF3) na kumbukumbu za vikao vyetu vina thamani. Sheria hiyo pia inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya kudai talaka. Maneno tunayoyaandika kwenye baraza yanaweza kusomwa na hakimu, basi tuyaandike kwa ukweli.

Penye kipigo, msiwakalishe wawili hao pamoja kwanza. Mpelekeni aliyeumia hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Usuluhishi utafuata, ukifuata.

Watoto, na mama anayekunywa

Mtoto wa mnywaji anamfahamu baba yake kwa namna anavyofungua geti. Akisikia komeo linagongwa mara mbili tatu bila kufunguka, anazima taa na kujifanya amelala. Binti mkubwa anajifunza kuficha visu na kuwapa wadogo zake chakula mapema. Shuleni anasinzia, mwalimu anamwita mvivu. Watoto hawa hatuwaiti kwenye vikao, na ni sawa tusiwaite mbele ya wazazi wao. Lakini aongee nao mtu wanayemwamini, shangazi au mwalimu, na wafundishwe namba 116 ya msaada kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure.

Akina mama nao wanakunywa, na kwao tunakuwa wakali kupita kiasi. Mume mlevi anapewa nafasi ya tano. Mke mlevi anarudishwa kwao mara ya kwanza. Matokeo yake wanakunywa kwa kujificha, hata wakiwa wajawazito, na pombe humdhuru mtoto tumboni. Mama wa namna hiyo anahitaji mganga yule yule anayehitajiwa na mume.

Na mwenzi asiyekunywa pia anahitaji msaada wake. Marekani mwaka 1951 wake na ndugu za walevi walianzisha mtandao wa vikundi vyao, Al-Anon, baada ya kuona kwamba miaka ya kuficha chupa, kumdanganya bosi na kulipa madeni imewamaliza wao wenyewe. Sisi tuna jumuiya ndogo ndogo, tuna vikundi vya akina mama misikitini, tuna vikoba. Hakuna kinachotuzuia kutenga jioni moja kwa wiki ili mke anayeishi na mnywaji aseme bila kuhukumiwa, na ajue kwamba kumlipia mumewe bili ya grosari si utii.

Ombi langu

Naomba semina hii iweke utaratibu kwa kikao chochote cha ndoa ambamo pombe itatajwa. Kikao kisifungwe kabla ya mambo matatu kuandikwa na kuwekwa sahihi: siku ambayo mnywaji atapelekwa kwa mganga na nani atamsindikiza, kiasi cha matumizi, na kwamba kitatumwa moja kwa moja kwenye simu ya mke kabla mume hajafika stendi, na mahali ambapo mke na watoto watalala usiku utakaoharibika. Msimamizi wa ndoa arudi nyumba hiyo baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi, bila kusubiri kuitwa. Na neno "vumilia" tusilitamke kwa mtu ambaye hatujampatia hata kimoja kati ya hivyo.