Hotuba juu ya Yaya Atafutaye Kazi ya Nusu Siku



Twapenda kusema machache juu ya mama ambaye mfano wake mnaujua hapa Gatongora: yaya aliyelea watoto wa watu kwa miaka mingi, na ambaye sasa ana wanawe mwenyewe. Hawezi tena kulala kwa mwajiri. Aomba kazi ya asubuhi tu, au ya siku 3 kwa juma.

Haja ipo pande zote mbili. Wazazi wengi wa Ruiru huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, na mtoto lazima aachwe mikononi mwa mtu. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Lakini mama huyu akibisha mlango, huulizwa mambo mawili tu: ataka kiasi gani, na aweza kuanza lini. Hakuna aandikaye neno. Mwezi haujaisha, nusu siku imekuwa kutwa, kufua na kupika vimeongezwa juu ya ulezi, na mshahara ungali wa nusu. Akidai haki yake, huambiwa kwamba hayo hayakuwa mapatano.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mapatano yaandikwe ikiwa siku za kazi, zikijumlishwa, zafikia miezi 3. Na ni juu ya mwajiri kuyaandika. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha aijuayo. Akiondoka baada ya majuma 4 au zaidi, apewe cheti cha kazi, ambacho ndicho ushahidi wa uzoefu wake aendako. Tena agizo la mishahara la mwaka 2022 liliweka kima cha chini cha yaya katika Ruiru kuwa shilingi 14,025.40 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Kikaongezwa kwa asilimia 6 mwezi wa Novemba 2024. Hicho ni kima cha mwezi mzima, nasi twaona kwamba malipo ya nusu siku yapasa kupimwa kutoka hapo, si kwa huruma.

Kwa hiyo twawasihi wanachama waajirio: andikeni saa, kazi na mshahara katika nakala mbili, kila upande ushike yake. Nanyi wazee wetu, kubalini kuwa mashahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho la mama huyu ndiyo mali yake pekee.