Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Rhonda, Nakuru



Nimeombwa niseme machache juu ya mikutano yetu. Kukutana tunajua. Kila wiki au kila mwezi tunaita majina, tunakusanya michango, tunatoa mikopo, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini kuna mkutano mwingine ambao tunausahau, nao ni mkutano wa kujifunza. Huo ni ule ambapo tunamwita mtu mwenye ujuzi, tunamsikiliza, tunamwuliza maswali, kisha tunaamua la kufanya. Leo tuzungumze juu ya huo, hasa tunapomwita injinia au fundi. Pesa nyingi za vikundi hupotelea hapo: tangi linapasuka, choo kinatitia, pampu inakufa kabla ya mwaka kuisha.

HATA MAINJINIA HUKUTANA

Msidhani kwamba mtu akishasoma hana haja ya kikundi. Huko Uingereza, katika mji wa Birmingham, zaidi ya miaka 200 iliyopita, palikuwa na kikundi kilichoitwa Lunar Society, yaani kikundi cha mwezi. Walikutana mara moja kwa mwezi, karibu na siku ya mwezi mpevu, ili wapate mwanga wa kurudi nyumbani usiku. Walikuwemo James Watt, aliyeiboresha injini ya mvuke, Matthew Boulton mwenye kiwanda, Josiah Wedgwood mfinyanzi, na Erasmus Darwin aliyekuwa daktari. Mnaona? Injinia, mwenye karakana, mfinyanzi na daktari kwenye meza moja, wakila na kuulizana maswali.

Hapa Kenya pia mainjinia wana chama chao, Institution of Engineers of Kenya, na iko Bodi ya Wahandisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili kuwasajili. Basi ikiwa wao waliosoma bado wanakutana na kusikilizana, sisi tutajengaje tangi bila kumwuliza mtu?

JIKO LILIKUJA KWA KUSIKILIZANA

Wengi wenu mnatumia jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje. Wazo lake lilitoka mbali, huko Thailand, ambako watu walikuwa na majiko ya udongo yaliyofanana na ndoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya walilichukua wazo hilo, lakini hawakulifungia ofisini. Walikaa na mafundi wa jua kali, na akina mama wakalijaribu jikoni. Ndipo likapatikana umbo tunalolijua, lenye kiuno chembamba, juu pana na chini pana. Udongo unakaa sehemu ya juu, na jiko linasimama imara mama akisonga ugali. Likitengenezwa vizuri huokoa thuluthi moja ya makaa au zaidi. Na kwa kuwa hakuna aliyelifungia kwa hati ya kulimiliki, fundi yeyote aliweza kujifunza na kulitengeneza.

Funzo lake ni hili. Mtaalamu alijua mambo ya moto, fundi alijua bati, mama alijua sufuria. Kila mmoja peke yake asingefika. Kwa hiyo mgeni mzuri si yule anayesema tu. Ni yule anayeuliza pia.

MFANO WA MAJI YETU

Sasa tuje kwa shida ya hapa kwetu. Visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa vina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Ikizidi, watoto ambao meno yao bado yanajijenga huota meno yenye madoa ya kahawia, na mtu akiyanywa maji hayo miaka mingi, hata mifupa huumia. Floridi haionekani wala huisikii kwa ulimi. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini floridi inabaki pale pale.

Dawa zake ziko. Jimbo Katoliki la Nakuru, kupitia kazi zake za maji, lilianza mwaka 1998 kusafisha maji kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri yenye hewa kidogo, husagwa, hujazwa kwenye chujio, na maji yakipita floridi hushikwa humo.

Hebu fikirini mgeni amekuja kutueleza habari ya chujio hilo. Sote tunapiga makofi, tunapiga picha, tunanunua. Lakini hakuna aliyeuliza swali moja muhimu: mifupa hii itachoka lini? Kwa maana inachoka. Ikishashika floridi ya kutosha haiwezi kushika tena. Maji yataendelea kutoka meupe na matamu kama jana, kumbe mtoto anakunywa floridi. Ni lazima maji yapimwe na mifupa ibadilishwe. Nani atapima? Pesa za kubadilisha zitatoka wapi? Kikundi ambacho hakikuuliza hivyo kimenunua ndoo tu.

Au tuseme tunataka maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi kabisa. Injinia atatufundisha hesabu rahisi. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita mraba 30 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 600, ukitoa kidogo kinachomwagika. Sasa mwulizeni juu ya msingi. Lita 1,000 za maji ni tani 1. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10, sawa na mzigo wa lori. Na ardhi ya upande huu wa Nakuru mnaijua, ina udongo laini wa majivu ya volkano na nyufa zinazofunguka mvua ikizidi. Tani 10 mtaziweka juu ya nini? Swali hilo liulizwe kabla ya kununua simiti.

NAMNA YA KUMKARIBISHA MGENI

Kwanza, kabla hajaja, kikundi kikae na kuandika maswali matano. Fundi akiitwa bila swali, atakuuzia kile alicho nacho.

Pili, mgeni si lazima awe mkubwa kutoka Nairobi. Kuna afisa wa maji wa kaunti, afisa wa afya ya jamii, mwalimu wa chuo cha ufundi, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Mrudishieni nauli na mpeni chakula. Wengi watakuja.

Tatu, mpeni nafasi. Mara nyingi salamu za viongozi zinachukua saa nzima, na mgeni anabakiziwa dakika kumi. Hiyo ni kumwita mtu aje atusikilize sisi.

Nne, mama anayebeba mtungi aulize wa kwanza. Yeye ndiye anayejua kisima kinakauka mwezi gani na mfereji unavuja wapi. Akinyamaza, mgeni ataondoka bila kuijua shida yetu.

Tano, mpelekeni mahali penyewe. Ajionee kisima, mteremko, choo cha jirani kilicho karibu.

Sita, katibu aandike majibu, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma. Nani afanye nini, kufikia lini?

TUSIOGOPE KUULIZA

Wengine husema, mimi sikusoma, nitamwulizaje injinia? Ndugu zangu, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, hapa hapa katika Kaunti ya Nakuru. Maji na tope vilishuka gizani juu ya nyumba, na watu zaidi ya 40 wakafa, watoto wengi wakiwa miongoni mwao. Sisemi haya ili nimhukumu mtu. Nasema kwamba anayeishi chini ya bwawa ana haki ya kuuliza: nani alilipima? Maji yakizidi yana njia gani ya kutokea? Nani hukagua ukuta wakati wa mvua? Maswali haya hayahitaji diploma. Na mtu akiuliza peke yake anaweza kupuuzwa, lakini kikundi kikiuliza kwa heshima, kikaandika jibu na tarehe, kinasikilizwa.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa anaficha mahali panapouma.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mradi gani wetu ulioharibika, na ni swali gani ambalo hatukuuliza kabla ya kuanza?

2. Maji tunayokunywa yamewahi kupimwa floridi? Tutamwendea nani ili yapimwe?

3. Karibu nasi kuna nani mwenye ujuzi tunayeweza kumwalika ndani ya miezi mitatu?

4. Katika mikutano yetu ni nani huwa hasemi? Tufanye nini ili asikike?