Reni wa St Kilda na Viota Vyake



Mazungumzo yetu ya leo yahusu ndege mdogo wa Ulaya ambaye hayumo katika nchi zetu. Waingereza humwita reni. Huenda mtu akauliza, Yatufaa nini habari za ndege wa ng'ambo asiyeweza hata kumshibisha paka? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba ndege huyu, mdogo kama alivyo, aliingizwa kwa jina katika sheria ya Bunge la Uingereza mwaka wa 1904, na shida iliyoleta sheria hiyo ilianzia penye viota vyake. Basi tuanze na viota.

Reni ana rangi ya hudhurungi, na mkia wake mfupi husimama juu kama mpini wa kata. Urefu wake wapata inchi nne; uzito wake ni mdogo hata watatu wakipimwa pamoja hupata wakia moja tu. Tangu mwaka wa 1937 hadi 1956 sanamu yake ilipigwa juu ya robo peni, sarafu iliyokuwa ndogo kuliko zote za Uingereza, na walioichagua walijua walifanyalo. Chakula chake ni wadudu na buibui. Sauti yake tu ndiyo kubwa, kiasi cha mgeni kutosadiki kwamba yatoka katika kifua kile.

Ufikapo mwezi wa Aprili, baridi ikipungua, dume huanza kujenga. Hatosheki na kiota kimoja. Hujenga vitano, sita, na mara nyingine hata kumi au zaidi, mbalimbali katika eneo lake. Kila kimoja ni cha mviringo, kimefunikwa juu, na mlango mdogo u ubavuni. Huvitia katika matundu ya kuta, katika mizizi ya kingo za mito, katika mimea itambaayo juu ya miti, na pengine katika mfuko wa koti kuukuu lililosahauliwa bandani. Hutumia majani makavu, nyasi, na ile mimea mororo iotayo juu ya mawe yenye unyevu, hata kiota hufanana na mahali kilipo, na mtu hukipita asikione.

Kisha dume huimba kumwita jike, akamtangulia mpaka mlangoni. Jike huingia, hukagua, na asiporidhika huenda zake. Akikubali, yeye ndiye atandikaye manyoya ndani. Hutaga mayai matano au sita, akayaatamia peke yake muda wa majuma mawili na siku kidogo.

Wasikilizaji wakaao kando ya mito wamekwisha kumkumbuka mnana, ingawa mnana si jamaa ya reni. Mnana dume naye hufuma, huning'inia chini ya kiota akipiga mbawa, na jike hukagua vivyo hivyo. Lakini mnana aliyekataliwa, majani ya kiota yakinyauka, hukibomoa akafuma kingine. Reni huviacha vyote vikae. Vile vitupu hufaa kwa kulala wakati wa baridi. Tena dume akipata jike wa pili humweka katika kimojawapo. Hivyo bwana mmoja huwa na nyumba mbili kwa msimu mmoja, na kazi ya kulisha watoto huwaachia zaidi mama zao.

Tumetaja baridi. Huyo ndiye adui mkubwa wa mwili mdogo namna ile, maana haukai na joto. Usiku wa barafu reni husongamana pamoja, wao ambao mchana hugombana. Mwaka wa 1969, katika jimbo la Norfolk, walihesabiwa zaidi ya 60 wakiingia katika sanduku moja. Hata hivyo, majira ya baridi kali ya 1962 na 1963 yaliua reni wengi mno katika Uingereza.

Sasa tuvuke bahari twende St Kilda. Hivi ni visiwa vidogo katika Atlantiki, maili 40 hivi magharibi ya North Uist, katika nchi ya Uskoti. Upepo ni mwingi na miti hakuna. Reni wa huko wamekaa peke yao muda mrefu hata wamegeuka: miili yao ni mikubwa kidogo, na rangi yao yaelekea kijivu. Mwaka wa 1884 bwana Henry Seebohm alitangaza kwamba hao ni aina ya peke yao. Siku hizi wataalamu huwahesabu kuwa tawi la reni wa kawaida, lakini tawi lisiloonekana mahali pengine po pote duniani.

Desturi zao za kujenga nazo zimegeuka. Edward Armstrong, padre aliyetoa kitabu kizima juu ya reni mwaka wa 1955, alionyesha kwamba dume wa St Kilda hujenga viota vichache, kwa kawaida huwa na jike mmoja, na hulisha watoto pamoja naye. Sababu yaeleweka. Penye bustani na wadudu tele, mama aweza kulisha peke yake; penye upepo na chakula haba, watoto wa mama aliyeachwa wangekufa.

Kwa kuwa hakuna miti, reni hawa hujenga katika majabali ya pwani na katika kuta za mawe. Wenyeji walikuwa wamejenga vibanda vya mawe yasiyotiwa udongo, zaidi ya elfu moja, ili upepo upenye na kukausha nyama ya ndege wa bahari, ambayo ndiyo iliyokuwa chakula chao. Matundu ya vibanda hivyo yalimfaa reni sana. Yalimfaa vilevile mtu mwenye kutafuta mayai.

Maana habari za Seebohm zilipoenea, wakusanyaji wa mayai na ngozi za ndege walianza kuwataka reni wa St Kilda, wakatoa fedha. Kiota kilicho ukutani karibu na kijiji hata mtoto hukifikia. Tusiwalaumu wenyeji upesi: walikuwa maskini, na yai lisilomshibisha mtu sasa lilikuwa na bei. Ikahofiwa kwamba ndege huyo atakwisha.

Sheria ya mwaka wa 1880 ya kulinda ndege wa mwitu haikuhusu St Kilda, kwa sababu kuwakataza watu wale ndege kungekuwa kuwaua kwa njaa. Sheria ya 1904 ilitazama jambo hilo kwa uangalifu zaidi. Iliwaachia wenyeji ndege wao wa chakula, ikamlinda reni na ndege mwingine wa bahari mwenye mkia wa panda, aliyetafutwa vilevile. Twapenda machifu waiangalie sheria hiyo, jinsi ilivyotenga chungu cha mwenyeji na kabati ya mkusanyaji.

Tarehe 29 Agosti, 1930, wenyeji 36 waliosalia waliondolewa kisiwani kwa ombi lao wenyewe. Panya wa nyumbani wa kisiwa kile, aliyetegemea makazi ya watu, alikwisha kabisa baada ya muda mfupi. Reni hakuisha. Vibanda vya mawe vingaliko, na jozi zake katika visiwa vyote zakisiwa kuwa mia mbili na ushei.