Hisabati ya Kidato cha Nne na Huduma Zilizo Mlangoni mwa Shule

Mada kwa walimu wa hisabati, Maafisa Elimu Kata na wajumbe wa bodi za shule



Matokeo ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne yanapotangazwa, safu ya hisabati husomwa haraka na kwa huzuni. Kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi nchini wamekuwa wakishindwa somo hilo. Wazazi husema, na wana haki ya kusema, kwamba kijana yuleyule aliyepata F huuza nyanya siku ya gulio na chenji yake haipungui hata shilingi. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kutoa chenji si hisabati ya kidato cha nne. Mtihani huuliza ujazo wa maumbo, trigonometria, uwezekano na matriki, na mambo hayo gulio halifundishi. Kwa hiyo mradi unaofaa hauishii kumpeleka mwanafunzi sokoni. Ni ule ambao hauwezi kukamilika bila mada iliyomo katika muhtasari.

Mfano ulio karibu zaidi ni paa la darasa. Chukuliwe jengo lenye urefu wa mita 24 na upana wa mita 9. Wanafunzi wanapoulizwa eneo linalokinga mvua, wengi watataka kupanda kupima mabati. Hapo ndipo somo linapoanza. Mvua huhesabiwa kama inayoanguka wima, hivyo paa la mgongo hukinga maji sawa na eneo la ardhi lililo chini yake: mita za mraba 216. Eneo la mabati yenyewe ni kubwa zaidi, nalo hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras. Hilo lina faida kwa fundi anayenunua mabati, si kwa anayehesabu maji. Darasa likibishana juu ya jambo hili kwa kipindi kizima, kipindi hicho hakikupotea.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mwezi wenye milimita 90 utaleta lita 19,440, na ikikadiriwa kwamba sehemu moja kati ya tano hupotea kwa kumwagika na kukauka, zitabaki lita 15,552. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 3 na kimo cha mita 2 hubeba takriban lita 14,140. Mwezi mmoja wa mvua unalijaza. Wajumbe wa bodi wangeishia hapo, wangepiga makofi.

Lakini wanafunzi waendelee. Shule ya wanafunzi 480, kila mmoja akitumia lita 2 kwa siku, humaliza lita 960 kila siku, na tangi hilo litakauka kabla ya siku ya 15 kwisha. Kiangazi cha siku 90 kinadai lita 86,400, yaani zaidi ya matangi sita ya namna hiyo. Matumizi yakiwa ya kunywa tu, nusu lita kwa kila mmoja, tangi moja litafika siku 58. Hesabu hiyo ni jambo zito mahali ambapo wasichana hukosa vipindi kwa kufuata maji bondeni. Bodi inayoisoma kabla ya kuchangisha fedha za wazazi itajua inachonunua.

Mradi wa pili ni njia ya mteremko ya viti vya magurudumu katika zahanati. Kipimo kinachotumika sana ni uwiano wa 1 kwa 12: kimo cha sentimita 45 kinahitaji urefu wa mlalo wa mita 5.4, na pembe yake haifiki digrii 5. Wanafunzi wakipima njia iliyojengwa na kukuta kimo hichohicho kimepandishwa kwa mita 2 tu, jedwali la tanjiti litawaambia kwamba pembe inakaribia digrii 13. Mlemavu hapandi hapo bila kusukumwa. Hakuna sura ya kitabu inayoeleza tanjiti kwa uzito huo.

Kuhusu kioski cha maji, tahadhari inahitajika. Uniti moja ya dira ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, kila uniti ingeleta shilingi 2,500. Kulinganisha dira na daftari la mauzo ni zoezi zuri la takwimu, lakini lifanyike kwa ridhaa ya chombo cha jamii kinachoendesha mradi, na wanafunzi wafundishwe kwanza kuandika neno «tofauti». Bomba linalovuja, dira iliyochakaa na maji yanayomwagika vyote huleta tofauti. Kijana wa miaka 17 anayetamka «wizi» mbele ya kijiji kwa hesabu ya wiki moja atakuwa amekosea hisabati kabla ya kukosea adabu.

Fikra hii si ngeni. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule zifanye kazi zenye tija na wanafunzi washiriki kuzipanga. Katika shule nyingi jembe lilifika, ila hesabu ya shamba ilibaki katika ofisi ya mkuu wa shule.

Walimu watauliza kuhusu muda, na swali hilo ni la haki. Mtihani ni Novemba. Miradi mitatu kwa mwaka inatosha, kila mmoja ukichukua vipindi vinne au vitano, na ifanyike kabla ya mitihani ya majaribio. Jambo gumu zaidi ni lugha. Mwanafunzi atapima na kubishana kwa Kiswahili, kisha atajibu mtihani kwa Kiingereza. Asipoandika ripoti yake kwa lugha ya mtihani, akitaja kipenyo, mteremko na ujazo kama vitakavyotajwa siku hiyo, atabaki na maarifa asiyoweza kuyaonyesha. Kipindi cha mwisho cha kila mradi kitengwe kwa kazi hiyo, na mwalimu wa Kiingereza aalikwe.

Vifaa ni vichache: futikamba ya mita 30, kamba, timazi, jedwali za hisabati na daftari. Kwa kazi za nje ya shule, mkuu wa shule amwandikie Mtendaji wa Kijiji wiki moja kabla, akieleza kitakachopimwa, na nakala ya ripoti ya wanafunzi ipelekwe kwake kabla haijabandikwa popote.