Mwana Aliyesahauliwa Malishoni

Popote ulipo asubuhi hii, jikoni ukiwasha moto, garini ukienda kazini, au kitandani hospitalini, tupe dakika hizi chache.

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu hulileta kwa mchungaji kwa sauti ndogo. Mtu hufika akauliza habari za ibada, akauliza habari za paa la kanisa, na anapoinuka aende zake ndipo hulitoa: "Mchungaji, watu wa nyumbani walikutana bila mimi." Habari za posa ya mdogo wake alizisikia kwa jirani sokoni. Au kundi la jamaa katika simu limefunguliwa lingine, na yeye hamo. Au mzee amefariki, karatasi ya mazishi imechapishwa, majina ya watoto yamepangwa vizuri, na lake halipo.

Karatasi hiyo twaijua sana sisi tusimamao makaburini. Tumemwona mtu mzima, mwenye wajukuu, akiisoma mara mbili na mara tatu kwa kidole, kama mtoto atafutaye jina lake katika matokeo ya mtihani.

Sababu huwa nyingi. Huyu ni mtoto wa mama mwingine. Yule ni binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Mwingine hana fedha za mchango, au ameokoka na kukataa pombe ya wazee, au alisema wazi uovu uliotendeka nyumbani na wengine walitaka ufichwe. Na mara nyingine hakuna sababu hata kidogo, wamezoea tu. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, lakini hawakutuambia mtu afanye nini siku damu hiyo inapomkana.

Fungueni kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16. Nabii Samweli amefika Bethlehemu na pembe ya mafuta, na Yese ameitwa kwenye dhabihu pamoja na wanawe. Yese anawaleta saba, naye anao wanane. Hebu tukae hapo kidogo. Watoto wanane si themanini, hata baba apoteze hesabu. Wala hatusomi kwamba Yese alimchukia Daudi. Kondoo walihitaji mtu, na mtu wa kubaki na kondoo alijulikana. Nyumba nyingi zina mtu wa namna hiyo. Mama akiugua, yeye ndiye apigiwaye simu saa nane za usiku. Mbuzi akichinjwa, simu yake hailii. Hata Samweli alipouliza kama watoto wote wamekwisha, Yese hakumtaja Daudi kwa jina. Alisema tu kwamba yuko mdogo, yu pamoja na kondoo.

Naye Samweli akakataa kuketi mpaka kijana huyo aletwe. Mgeni wa heshima yumo, dhabihu iko tayari, na wote wanamngoja mchunga kondoo.

Wahubiri wengi huishia hapo, penye mafuta. Sisi twaona sura inayofuata yamfaa zaidi mtu aliyetengwa. Daudi alitiwa mafuta mbele ya ndugu zake. Je, walibadilika? Katika sura ya 17 baba yake anamtuma kambini na bisi na mikate 10 awapelekee. Anatoka alfajiri, kondoo amemwachia mlinzi, anafika na kuwasalimu. Eliabu, ndugu mkubwa, anamwakia hasira mbele ya watu, anamwuliza wale kondoo wachache amemwachia nani, na kumwita mwenye kiburi. Hivyo, ewe msikilizaji, usidhani kwamba Mungu akikubariki ndugu zako watapiga makofi. Daudi alijibu maneno machache, kisha akamwacha Eliabu, akamgeukia mtu mwingine na kuendelea na lile alilokuwa akiliuliza.

Hilo la kumgeukia mwingine ndilo twataka ulishike. Kwanza, ndiyo, uliza. Uliza mara moja, kwa utulivu, kwa mtu mmoja wa nyumbani mwenye moyo wa haki, kwa maana wakati mwingine ni kusahau kweli. Ukijibiwa kwa dharau, usisimame pale kwa Eliabu miaka 20 ukitetea wale kondoo wachache. Wala usijaribu kununua kiti. Tumewaona watu wakikopa fedha wapate kutoa mchango mkubwa kuliko wote, wakidhani sasa wataitwa. Huitwa mpaka fedha zinapokwisha.

Lakini ikiwa kilichofichwa ni shamba la baba, hilo ni neno lingine, na atakayekuambia uombe tu na kunyamaza hakutendei mema. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika katika Kenya mwaka wa 1981. Mbele ya sheria hiyo binti ni mtoto kama ndugu yake, na hati ya urithi iliyopatikana kwa kuficha jina la mtoto yaweza kufutwa na mahakama. Nenda kwa chifu, nenda mahakamani, na uende bila matusi. Kusamehe hakukuzuii kuweka sahihi kwenye karatasi ya madai.

Sasa, Daudi alimgeukia mwingine. Na wewe umgeukie nani? Hapa swali linatoka kwako na kutujia sisi Kanisa. Mwaka wa 1875 wamisionari wa C.M.S. walianzisha mji wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, uwe makao ya watumwa waliowekwa huru. Hao hawakuachwa na jamaa zao; waliporwa. Lakini wengi hawakuweza tena kuijua njia ya kwao, ikawabidi kupata ndugu pale pale walipo. Wakaoana, wakajenga, wakasali pamoja. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, watu ambao utotoni walitekwa kutoka kwao na kulelewa mbali, huko India. Kanisa la Anglikana tunalojivunia lilianza, kwa sehemu kubwa, na watu wasio na jamaa. Basi ninyi wazee wa kanisa, na ninyi wa Umoja wa Akina Mama, mwajua ni nani katika ushirika wenu alayekula peke yake siku ya Krismasi? Mtu huyo hahitaji hotuba. Ahitaji sahani mezani, na mtu wa kumwuliza kwa nini amechelewa.

Na habari ya Daudi haijaisha. Katika sura ya 22 Sauli anamwinda, naye amekimbilia pango la Adulamu. Ndugu zake na nyumba yote ya baba yake wakapata habari, wakamshukia huko. Wakaja na watu kama 400, wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Hatusomi kwamba aliwauliza habari za ile siku ya dhabihu. Twasoma kwamba alikwenda Moabu kumwomba mfalme wa huko awapokee baba yake na mama yake wakae salama, mpaka ajue Mungu atamtendea nini. Yese yule aliyehesabu saba.

Hatuwezi kukuahidi kwamba jamaa zako nao watakuja. Wengine wanaotusikiliza wamengoja tangu ujana na nywele zimekuwa nyeupe. Kwao twaomba sasa.

Bwana, umwone aketiye peke yake leo hali kwao kuna karamu. Umpe mtu wa kumgeukia kabla jua halijatua. Uwape chakula na maneno mema wale watakaomkaribisha. Na yule aliyeshika kalamu leo, akiandika majina ya watoto wa marehemu, umkumbushe ambaye yuko malishoni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.